Bakuli la Bi Odessa

Katika mtaa wa Weusi wa Halverton, Missouri, hakuna anayegusa saladi ya viazi kabla ya kuuliza, "Nani katengeneza?" Hata msibani, machozi hayajakauka, swali hilo litaulizwa. Jibu likiwa "Bi Odessa," watu wanapanga foleni. Likiwa jina lingine, wanakumbuka ghafla kwamba daktari amewakataza mayai.

Bi Odessa Pettway alikuwa mjane, mstaafu wa kufua mashuka ya hospitali. Alimlea mjukuu wake Lavelle na kumfundisha lile somo ambalo kila mzazi Mweusi wa pale humfundisha mwanawe: polisi akikusimamisha, mikono juu ya usukani, sema "ndiyo, bwana," usiingize mkono mfukoni. Lavelle alikuwa msikivu. Julai askari mmoja alimsimamisha kwa sababu ya taa ya nyuma ya gari iliyokufa. Akaweka mikono juu ya usukani, akasema "ndiyo, bwana," akavunjwa taya. Polisi walieleza kwamba utulivu wake ulikuwa umezidi, ukatia shaka.

Askari yule alikuwa na kamera kifuani. Bi Odessa alitaka kitu kimoja tu, watu waione picha ya kamera ile. Aliandamana na kanisa zima hadi kituoni, na kila mara alitoka Kapteni Brandt, Mzungu mwenye sauti ya kubembelezea watoto.

"Uchunguzi unaendelea, mama. Watu wakiiona picha sasa hivi, wanaweza kuielewa vibaya. Tuwe na subira."

Siku moja waandamanaji walipigwa mabomu ya machozi, na hapo pia wakahimizwa kuwa na subira. Subira yavuta heri, wanasema. Hii ya Kapteni ilivuta siku tu.

Agosti polisi wakaamua kutibu taya la watu kwa soseji. Wakatangaza Karamu ya Maelewano katika bustani ya mtaa, nyama choma bure. Mtu akamnong'oneza Kapteni kwamba bila bakuli la Bi Odessa atakula peke yake. Akaja barazani kwake, kofia mkononi.

"Tuletee ile saladi yako, mama. Watu wanakupenda."

"Na picha?"

"Uchunguzi unaendelea."

"Haya, mwanangu. Bakuli utaliona."

Jirani yake, Ernestine, alikuwa akisikiliza dirishani, kama kawaida yake. "Odessa! Umerogwa? Uwapikie hao?"

"Wewe njoo tu, shoga. Na mdomo wako uje nao."

Siku ya karamu watu walijaa, wamevaa fulana zenye sura ya Lavelle. Bi Odessa akaweka mezani bakuli lake kubwa la buluu, limefunikwa kitambaa cheupe. Kapteni akasimama mbele ya foleni na sahani yake, kamera za televisheni zikimwelekea.

"Nani katengeneza?" akauliza, akacheka. Walikuwa wamemfundisha.

"Bakuli ni langu."

"Basi tufunue!"

"Bado, Kapteni. Uchunguzi unaendelea."

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Mama, watu wana njaa."

"Tuwe na subira."

"Angalau tuone kilichomo!"

"Aa, hapana. Mkikiona sasa hivi, mnaweza kukielewa vibaya."

"Mwambie, dada! Mwambie!" Ernestine akapaza sauti, akirusha mikono kama yuko kanisani. Mmoja baada ya mwingine, watu wakarudisha sahani mezani. Soseji zikaungua.

Kapteni akaiva uso kama nyanya. Subira aliyoihubiri mwezi mzima haikumtosha dakika tano. Akanyoosha mkono, akakivuta kitambaa mwenyewe. Bakuli lilikuwa tupu, limesuguliwa likang'aa.

"Hamna kitu!"

"Hamna," Bi Odessa akasema, na sasa hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Lavelle ndiye anayenionjea chumvi, tangu akiwa mdogo wa kusimama juu ya kiti. Sasa anakula kwa mrija. Na mimi sitoi chakula ambacho mtoto wangu hajakionja."

Mtu mmoja nyuma alianza kulia.

Jioni ile televisheni ilionyesha bakuli tupu, kwa karibu na kwa mbali, na kisha tena. Picha ya kamera ya kifuani haikuonyeshwa. Lavelle alitazama akiwa kochini, kichwa begani mwa bibi yake. Kapteni alipokivuta kile kitambaa, kijana alitaka kucheka, lakini waya zilizofunga taya lake zikamkatalia, akabaki akitetemeka mabega tu, machozi yakimtiririka.