Migdalia na Lango la Rosaura

Ukitaka kujua mtu anampendaje mwanamume ambaye hakuwahi hata kuzaliwa, muulize Migdalia. Atakueleza yote, na mchele wako utakaa juu ya mizani mpaka amalize.

Migdalia ndiye muuzaji wa duka letu la mgao wa serikali hapa Placetas, Cuba. Mfupi, mnene, miwani imefungwa kwa uzi, na sauti ya kuitia ng'ombe. Mimi ni Belkis, jirani yake wa ukuta mmoja, kwa hiyo haya ninayosimulia nimeyasikia mwenyewe, mengine bila kutaka.

Kuna riwaya moja ya mapenzi, ya zama za mashamba ya miwa na magari ya farasi. Sote tuliisoma shuleni kwa kulazimishwa, tukaisahau kwa hiari. Migdalia hakuisahau. Humo msichana, Rosaura, anampenda Leandro. Leandro anamwacha, anakwenda Ulaya kufuata mwanamke mwenye mali. Miaka inapita, mali inakwisha, na bwana anarudi na mvua, anasimama nje ya lango anaomba msamaha. Rosaura anamsikiliza mpaka mwisho, anamjibu, kisha anafunga lango. Basi, kitabu kimekwisha.

Lango hilo ndilo lililomtesa Migdalia maisha yake yote. Riwaya ile imetengenezwa filamu, ikatengenezwa tamthilia, na kila anayeitengeneza anajiona ana huruma kumshinda aliyeiandika. Katika ya kwanza, ile ya picha nyeusi na nyeupe, Rosaura alifungua lango wakaoana, na kasisi aliyewafungisha ndoa alikuwa amevaa saa ya mkononi. Katika ya pili, iliyotoka Mexico, Rosaura alikufa kwa kikohozi kabla Leandro hajashuka kwenye farasi. Migdalia alipiga kelele mpaka mtoto wangu akaamka.

Wala usidhani alizichukia. Thubutu! Alizitazama zote, zikirudiwa anazitazama tena. Alipenda magauni, alipenda mishumaa, alipenda vidole vya wapendanao vinavyosogeleana kwa vipindi vitano bila kugusana. Na kukosoa ndiko alikokupenda kuliko vyote. Alikuwa akikupimia sukari huku anakueleza kwamba Leandro wa Mexico alikuwa na meno meupe mno kwa mvuta sigara, na kwamba farasi wa baba yake na farasi wa adui yake alikuwa farasi yule yule.

"Mama, na sukari yangu?" mtu anamkumbusha.

"Sukari ipo. Adabu ya kusikiliza utaipata wapi?"

Mumewe, Orestes, fundi wa friji, hakuweza kustahimili. "Mtu mzima analilia wanaume waliovaa suruali za kubana!" ndiyo ilikuwa kauli yake kila jioni. Mwishowe alimwacha, akahamia nyuma ya hospitali kwa Yusleidis, msusi, mwanamke mwembamba mwenye kucheka ovyo. Siku Orestes alipobeba begi lake, Migdalia alisimama katikati ya barabara akaapa mbele ya mtaa mzima kwamba mguu wake hautakanyaga nyumba ya Orestes mpaka siku ya kumzika, na hata siku hiyo atachungulia dirishani. Kilikuwa kiapo kizuri. Sisi wa mtaa huu kiapo cha mwenzetu tunakitunza kuliko anavyokitunza mwenyewe.

Miaka ikaenda. Ndipo mwaka huu ikaja tamthilia mpya ya riwaya ile, safari hii iliyotengenezwa hapa hapa Cuba. Migdalia aliipokea kwa dharau, akatazama kipindi cha kwanza amekunja mikono. Kesho yake dukani alikuwa mtu mwingine.

"Belkis, umemwona yule Rosaura? Ana kidevu," akaniambia.

"Kila mtu ana kidevu, Migdalia."

"Siyo kama kile. Mwenye kidevu kile hafungui lango. Safari hii wataniheshimu, utaona."

Akawa hali wala halali kwa tumaini. Kila umeme ulipokatika alikimbia na gauni lake la nyumbani kutafuta nyumba yenye mwanga, na sijui aliwezaje, lakini hakukosa kipindi hata kimoja. Kilichobaki kilikuwa cha mwisho, siku ya Alhamisi. Na Alhamisi asubuhi tukaambiwa jioni ile zamu ya giza ni yetu, sisi na mitaa yote ya jirani. Laini moja tu haikatwi, ile inayopita hospitali. Na nani anakaa kwenye laini ya hospitali? Orestes, mwanaharamu mwenye bahati.

Nilikuwa kwenye foleni ya mchele Yusleidis alipoingia. Foleni nzima ikamgeukia.

"Dada Migdalia," akasema, "leo kwenu hakuna umeme."

"Najua. Umekuja kunipa pole au kuchukua mchele?"

"Nimekuja kukuita. Njoo utazame kwangu. Siwezi kukitazama kile kipindi cha mwisho na Orestes peke yake. Kila dakika ananiuliza, huyu ni nani, huyu naye ni nani."

"Hata kwangu alikuwa hivyo hivyo," Migdalia akaropoka kabla hajajizuia.

Wakatazamana. Mzee mmoja kwenye foleni, mpenda fitina, akakohoa. "Na kile kiapo, Migdalia? Kulamba matapishi si vizuri."

Migdalia alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Niliona kabisa mwenzangu anaumia. Upande huu heshima yake mbele ya mtaa, upande ule lango alilolingoja tangu usichana.

"Niliapa kutokanyaga nyumba ya Orestes," akasema polepole. "Yusleidis, nyumba mnayokaa ni ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Mmesikia? Ya mama yake. Mzee, fungua mfuko wako upimiwe, unachelewesha watu."

Na mchele aliompimia Yusleidis siku ile, Mungu atusamehe, mizani ilifumba macho.

Jioni tukaenda. Migdalia alipaka rangi ya midomo, na nilipomtazama alisema ni kwa ajili ya Rosaura. Nyuma yetu waliongozana majirani, kila mmoja na kiti chake, wote ghafla wapenzi wa fasihi. Orestes alitufungulia akiwa na fulana ya ndani, amenyoa, kitambi kimeongezeka.

"Karibu, Migdalia. Kaa kwenye kiti cha kubembea."

"Nimekuja kwa mama mkwe wako," akamjibu, na akakikalia kiti hicho hicho.

Yusleidis akagawa kahawa. Tamthilia ikaanza, na haki ya Mungu ilikuwa nzuri, ingawa Migdalia hakuiacha ipite bure. Gauni la msiba lina zipu. Kinanda kinalia na mpigaji amenyanyua mikono. Orestes akauliza, "Huyu mwenye ndevu ni nani?" na wanawake wawili wakamjibu kwa mdomo mmoja, "Nyamaza!"

Kisha ikaja mvua. Leandro akatokea bila kofia.

"Mvua ya pipa hiyo," Migdalia akanong'ona. "Tazama, upande wa kushoto pakavu." Lakini alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti.

Leandro akasema yake yote, akalia, akashika vyuma vya lango. Rosaura akaja taratibu mpaka karibu, akaweka mkono juu ya komeo. Kidevu chake kikajaa runinga nzima. Migdalia alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Rosaura akafungua kinywa.

Pu! Giza.

Laini ya hospitali, ambayo haikatwi! Ng'ambo tulisikia jenereta ya hospitali ikiunguruma, wagonjwa wana taa, sisi wazima hatuna. Matusi yaliyotoka katika chumba kile siyarudii.

"Anamjibu nini?" Yusleidis akalia gizani. "Dada, wewe unakijua kitabu. Anamjibu nini?"

Migdalia akavuta pumzi. Akasema maneno ya Rosaura kwa moyo, bila kukwama, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo:

"Leandro, ulipoondoka niliacha lango hili wazi mwaka mzima. Mbuzi waliingia wakala maua yangu. Majirani waliingia wakala habari zangu. Hukuingia wewe tu. Sasa maua yameota tena. Usiniombe nifungue. Muombe Mungu akupe farasi mzuri wa kurudia."

Tulisikia mtu anavuta kamasi, na alikuwa Orestes.

"Mimi nilikuja," akasema.

"Ulikuja wapi?" Migdalia akauliza.

"Kwako. Mwezi wa pili tangu niondoke. Niligonga mlango, nikagonga sana. Taa inawaka na hukunifungulia."

"Ulikwenda lini wewe?" Yusleidis akadakia.

"Zamani, mpenzi. Kabla hatujazoeana."

"Hatujazoeana! Na soksi zako nafua mimi!"

"Siku gani?" Migdalia akasema. Hakuwa anacheka.

"Alhamisi. Baada ya chakula cha jioni."

Chumba kizima kiliguna. Sote tulijua Alhamisi za mwaka ule zilikuwa na nini.

"Ile ya kikohozi," mtu akasema. "Walikuwa wanairudia."

"Sikusikia," Migdalia akasema. "Nilikuwa nimeongeza sauti."

Hapo ndipo watu walipokufa kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, nitasema uongo nipate nini? Mzee wa foleni alidondoka kwenye kiti chake. Yusleidis akasema, "Loo, kumbe mume nimepewa na runinga!" tukaanza upya. Orestes tu hakucheka. "Miaka yote hii najua ulinikataa," akasema, na Migdalia akamjibu chini chini, "Na mimi najua hukurudi."

Umeme ukarudi. Kwenye runinga yalikuwa yanapanda majina ya waigizaji, na muziki.

Migdalia akaruka na simu, akampigia dada yake anayekaa mji wa Santa Clara. "Alifungua au alifunga?"

Tulimsikia dada mtu bila taabu, ukoo wao wote una sauti ile. "Alifunga! Tena akatia komeo!"

Nyumba ikalipuka, watu wakakumbatiana kana kwamba tumeshinda mechi.

"Uso wake ulikuwaje? Alilia? Alimtazama?"

"Nitajuaje? Nilikuwa jikoni naepua maharage. Nilisikia tu komeo, ka!"

"Ulaaniwe wewe na maharage yako!" Migdalia akasema, na machozi yakamtoka, ya furaha au ya nini, sijui. Yusleidis akampa kitambaa. Akakipokea, akamshukuru, akamwambia Orestes usiku mwema bila kumtazama.

Tulirudi nyumbani mtaa wote giza, tumeshikana mikono tusije tukatumbukia mtaroni. Nilijaribu kunyamaza. Sikuzaliwa na kipaji hicho.

"Niambie kweli, shoga. Ungesikia ule mlango siku ile, ungefanyaje?"

Akanivuta tukwepe shimo.

"Ningefungua," akasema. "Mjinga mimi, ningefungua kabla hajagonga mara ya pili, na chakula ningempashia moto." Akajifuta pua na kitambaa cha Yusleidis. "Ndiyo maana sitaki Rosaura afungue. Kati yetu wawili, lazima mmoja awe na akili."