Vitalu Vinne vya Mama Nakijwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti kata ya Bendera nikiwa na begi moja na viatu visivyofaa kwa tope la mifereji. Bosi wangu, Afisa Kilimo wa Kata, aliniona ninavyozungukazunguka ofisini badala ya kukaa, akasema, "Bibi Shamba, miguu yako inatangulia kichwa. Shika moja tu: ukimwambia mkulima utarudi, rudi. Mkulima husubiri kweli." Nikaitikia, "Ndiyo, mzee," macho yangu yakiwa mlangoni.

Subira sikuzaliwa nayo. Bendera niliona joto, nikaomba uhamisho. Wilayani Mwanga niliona mafaili, nikaomba tena. Nilipokaribia miaka hamsini, nikiwa wilayani Same, nikaomba ruhusa ya kusoma shahada ya uzamili kwa utafiti. Mkuu wa Idara alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, wenzako wanahesabu miaka ya kustaafu, wewe unatafuta daftari?" Akasaini, lakini kwa miaka miwili tu, isizidi hata siku.

Ninyi vijana mnaodhani utafiti ni kompyuta, kwanza kuna jembe. Nilichunguza maharage na samadi kule Chome, kijiji cha milimani. Mama Nakijwa, mjane mwenye shamba la matuta ya ngazi, alinikaribisha. Nikaligawa vitalu kumi na viwili kwa kamba ya katani, nikapiga kura kipi kipate nini, maana jicho la mtafiti hupendelea udongo mzuri. Vinne vilipata samadi nyingi, vinne kidogo, vinne havikupata kitu. Hivi vya mwisho ni vya kulinganishia. Bila hivyo huwezi kujua kama mavuno yametokana na samadi au ni baraka za mvua tu.

Msimu wa kwanza nilishuka chuoni kwa wiki tatu. Niliporudi, shamba zima lilikuwa kijani kibichi, kitalu hiki na kile havitofautiani.

"Shikamoo, mama. Hivi vinne vimekuwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Tuliviona vimedhoofu, tukaona haya. Mgeni wetu uaibike kwa mazao ya manjano? Nikaitisha msaragambo. Kila nyumba imeleta samadi ya mbuzi."

Msaragambo ni kazi ya pamoja ya sisi Wapare. Shamba la mtu haliachwi likafa watu wakitazama. Mimi, Mpare wa kuzaliwa, nilisahau hilo nilipokuwa nikichora ramani ya vitalu. Nikalia palepale shambani. Mama Nakijwa akadhani ni shukrani, akanipigapiga mgongoni.

Ulibaki msimu mmoja tu kabla ruhusa yangu haijaisha. Ningeweza kubuni takwimu za vitalu vile vinne. Nani angepanda Chome kuhakiki? Nilishika kalamu, nikaiweka, nikaishika tena. Mwishowe nikampigia simu msimamizi wangu, Profesa mkali asiyejua salamu. "Rudia," akasema. "Na safari hii, mweleze mwenye shamba vizuri kabla hujanieleza mimi."

Nikakaa na Mama Nakijwa jikoni kwake. "Mama, hivi vinne ni mashahidi. Lazima vikae na njaa ndipo viseme ukweli. Usivilishe, wala usimruhusu mtu avilishe, mpaka nije nikuambie."

"Hata vikiwa manjano?"

"Hata vikiwa manjano."

Hakupenda hata kidogo, lakini akakubali. Na akavilinda. Nilivuna, nikapima, nikaandika tasnifu, yaani kile kitabu cha utafiti, nikaitetea mbele ya jopo, nikavaa joho. Wiki ileile ikaja barua ya kunipeleka Mwanga kusimamia maofisa ugani wa wilaya nzima. Nikasema nitapanda Chome mwezi ujao. Miezi ikawa miaka, nikastaafu bila kupanda.

Kustaafu hakunifai. Nafagia uwanja uliokwisha fagiliwa, nahamisha viti na kuvirudisha. Mwezi uliopita nikachoka, nikachukua bodaboda mpaka Chome, mifupa ikigongana njia nzima.

Mama Nakijwa sasa haoni vizuri; alinitambua kwa sauti. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Matuta yote yalikuwa yamejaa maharage mazito, isipokuwa vipande vinne, vya manjano, vimezungushiwa kamba mpya ya katani.

"Mama, mbona bado?"

"Ulisema mpaka uje uniambie." Akaniingiza jikoni. Darini vilining'inia vifuko vya maharage, kimoja kwa kila msimu. "Mavuno yao hayo. Sikuchanganya wala sikula."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote ile mjane wa watu ametegemea theluthi mbili tu za shamba lake, na theluthi iliyobaki ameilinda isishibe, kwa sababu ya neno langu. Na nisiwadanganye: katikati ya aibu ile, mtafiti aliyemo ndani yangu aliruka kwa furaha. Misimu yote hii bila samadi! Mwanafunzi gani ana takwimu kama hizi? Mkono wangu ulikwisha ingia kwenye mkoba kutafuta daftari. Nikautoa mtupu.

"Mashahidi wamemaliza kusema?" aliuliza.

"Walimaliza zamani, mama. Mimi ndiye sikuja. Nisamehe."

Akapapasa ukutani, akanikabidhi karai.

"Basi wakale," akasema. "Zizi liko palepale."