Makofi Matatu na Mashua ya Mzee Ghala

Ngoja nijicheke mwenyewe kwanza, halafu na nyie mtaendelea, maana mimi, mwalimu wa kompyuta mwenye cheti na miwani, niliumbuka mbele ya wazazi na bodi nzima ya shule, na kilichoniponza ni makofi matatu niliyoyachagua mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu.

Kwetu ni Korogwe, lakini huu ni mwaka wa tatu nafundisha sekondari moja njia ya Kasulu, ukishapita Kidahwe. Nilipofika nilikuta chumba kina kompyuta tisa za kupewapewa, kila moja na ukoo wake: nne za Windows, tatu za Linux (wanafunzi wanaziita za pengwini, kwa ile picha yake), na mbili za tunda, yaani Mac, zilizoachwa na mgeni mmoja alipohama. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Ntakije, kila kikao alikuwa na hoja ileile: mashine zisizoelewana ni magalasha, zigawiwe shule nyingine, chumba kiwe ghala la mahindi ya chakula cha wanafunzi. Na mahindi yalikuwa yananyeshewa kweli, siwezi kumsingizia, ila mimi chumba kile nakipenda kama nilikijenga kwa mikono yangu. Basi siku hiyo mdomo ukanitangulia, nikasimama kikaoni: "Nipeni wiki tatu. Siku ya wazazi mashine zote tisa zitacheza mchezo mmoja kwa pamoja. Zikishindwa, nakabidhi funguo."

Kuutafuta mchezo wenyewe, jamani, nilikoma. Wa kwanza ulikubali Windows tu, za pengwini zikaukataa katakata, wa pili ukadai intaneti muda wote (kwa mtandao wetu ule!), wa tatu, wa kushindana mashua, ukaingia kote, lakini mashine hazikuonana, kila moja inaelea ziwani peke yake kama imesusiwa. Siku nne nahangaika na nyaya kumbe nyaya hazina kosa, kosa ni toleo: za pengwini zilikuwa na jipya, nyingine zina la zamani. Nikapanda gari mpaka Kigoma mjini, nikapakua toleo moja lilelile, hadi tarakimu ya mwisho, mafaili matatu kwa koo zote tatu, nikarudi nimeishikilia flashi mkononi njia nzima. Jioni ile nilipoona mashua tisa kwenye kioo kimoja nilipiga kigelegele mpaka mlinzi akaja na rungu. Nitajisifu mpaka nizeeke, mniache.

Sasa njooni kwenye ujinga wangu. Wiki ya siku ya wazazi nikapata mafua, sauti ikakauka kabisa. Nikawafundisha watoto wa Kidato cha Pili: nikipiga makofi matatu taratibu, pa, pa, pa, wote mnabonyeza Anza, na kibonye hicho, mbio zikiwa zimeanza, kinazirudisha mwanzo. Wakakariri hasa. Halafu wakati wa kujaribu niliziandikia mashua majina ya utani, kujifurahisha tu. Moja nikaipa sifa zangu mwenyewe, Madam Bingwa. Nyingine, ya kumtania mwalimu mkuu, Mkuu Kesho (ukimwomba chochote jibu ni hilo). Na ile ya pengwini kuukuu kuliko zote, inayokokota, ikaitwa Mzee Ghala. Nikajiambia nitayabadilisha dakika tano kabla ya kuanza.

Siku ikafika. Watoto vidole tayari, projekta imewaka, wazazi wamejaa mpaka madirishani, nami nainamia kibodi ili nianze kufuta majina. Akaingia Mzee Ntakije na kofia yake. Na nyie mnajua huku mtu mzima anasalimiwaje: wazazi wote wakainama kidogo, wakapiga makofi taratibu, pa, pa, pa. "Mwakeye, Mzee!"

Watoto wakabonyeza. Tisa wote, kwa pamoja, kwa utiifu ambao sijawahi kuuona kwenye kazi za nyumbani.

Ukutani mashua zikachomoka, na juu ya kila moja jina lake, kubwa, jeupe. Madam Bingwa mbele. Mkuu Kesho anazunguka palepale. Mzee Ghala amekwama kwenye matete. Wazazi wakaangua kicheko, wakapiga makofi ya furaha, watoto wakabonyeza, mbio zikarudi mwanzo. Nikapunga mikono waache (sauti ndiyo hivyo tena), wakadhani nawachangamsha, wakazidisha. Mwalimu mkuu akasimama kuokoa jahazi: "Jamani, tumpigie makofi mwalimu wetu!" Mbio zikarudi mwanzo. Mara sita, nawaambia. Na kila mara Mzee Ghala yumo kwenye matete.

Mzee Ntakije akainua mkono, chumba kikanyamaza.

"Mbona hawa hawafiki?"

Editha, binti aliyekuwa kwenye ile pengwini kuukuu, akasimama. "Shikamoo Mzee. Madam alisema tukisikia makofi tubonyeze."

"Ehe. Na huyo Mzee Ghala ni nani?"

Editha akaniangalia. Wote wakaniangalia. Nilitamani ardhi inimeze na miwani yangu. Nikatoa kisauti kama cha kifaranga: "Ni wewe, Mzee. Nisamehe."

Akaitazama picha ukutani, mimi tayari mkono uko mfukoni natafuta funguo. Kisha akavua kofia, akavuta kiti, akakaa karibu na Editha.

"Hii ndiyo mashine mbovu kuliko zote?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na bado inacheza na zile za tunda?"

"Zote zinacheza, Mzee," nikasema, na hapo, aibu na yote, kifua kilinijaa.

"Basi nitoeni kwenye matete. Asipige makofi mtu yeyote." Akanyoosha mikono yake mwenyewe, pa, pa, pa, na mashua tisa zikaondoka pamoja mpaka mwisho wa ziwa. Mzee Ghala akawa wa saba. Mkuu Kesho wa tisa.

Chumba kimebaki chetu. Mahindi yamejengewa banda nyuma ya jiko, na Mzee mwenyewe alileta mabati. Mimi nimeapa: makofi kwangu ni ya kusalimia tu, ishara ya mbio ni filimbi, na mashua naziita kwa namba. Lakini aibu yangu haijaisha, maana kila nikikutana na Mzee Ntakije, nikainama na kupiga makofi, yeye hunyoosha shingo kuelekea darasani kwangu, akasikiliza kidogo, ndipo aitikie: "Mwakeye, Madam Bingwa. Zimeondoka?"