Kisu cha Jicho la Baba

Saa moja asubuhi, na Shagufta Inayat anawafokea watu wote uani.

"Nyamazeni jamani! Mama, acha hiyo sufuria!"

Mama anashika mfuniko. Mbele ya Shagufta kuna kikombe kilichowambwa ngozi ya mbuzi, nyembamba kama utando wa yai. Anasimamisha juu yake kisu kidogo cha kupasulia macho, ncha chini, kisha anakiachia. Kisu kizuri huipenya ngozi hiyo kwa uzito wake tu, bila sauti.

Tik.

"Nimekisikia," anasema baba yake, Mzee Inayat, kutoka kitandani. "Hicho ni cha kukatia vitunguu."

"Abba nawe! Macho hayaoni, ila mdomo haujambo!"

Ni mara ya tatu kisu kinakataa, na saa tano baba anaingia chumba cha upasuaji.

Hapa Sialkot, mji wa Pakistani unaoishi kwa kutengeneza vifaa vya hospitali, Mzee Inayat amenoa visu vya macho miaka thelathini na moja. Kibanzi cha chuma kilimpofua jicho la kushoto zamani. Sasa la kulia lina mtoto wa jicho. Ameapa halitaguswa na kisu kisichonolewa nyumbani kwake.

"Nawajua wenzangu," anasema. "Sikukuu ikikaribia, mkono uko kwenye jiwe, akili iko kwenye biriani."

Shagufta, miaka 26, alifundishwa na baba kwa siri, jikoni. Katika karakana ya visu anakofanya kazi, wanawake hufungasha tu, kwa rupia mia nane kwa siku. Wanoaji wanapata elfu mbili.

Anakirudisha kisu kwenye jiwe.

"Nikikosea, nimempofusha baba yangu mwenyewe," ananong'ona.

"Pumua kwanza, mwanangu," baba anamjibu. "Usikibembeleze, usikigombeze."

Saa tatu kasorobo anakiachia tena. Kimya. Kimepita! Mama anapiga vigelegele, Shagufta analia na kucheka kwa pamoja.

"Haya mzee, sasa utaona nilivyozeeka," mama anamtania mumewe akimvalisha viatu.

"Basi tuahirishe!"

Hospitalini, Daktari Sughra Cheema anakiweka kisu chini ya hadubini. Anakitazama upande huu, anakigeuza upande wa pili.

"Nani kanoa hiki?"

"Mimi, Daktari."

"Kikachemshwe," daktari anamwambia muuguzi. "Ndicho nitakachotumia."

Kesho yake bandeji inafunguliwa. Mzee anapepesa jicho, anaomba aletewe kisu, anakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa shingoni pana mkwaruzo," anasema, machozi yakimtiririka. "Mwembamba kama unywele. Nimeuona! Wallahi nimeuona!"

Jumatatu Shagufta atakwenda kwa mwenye karakana kudai kiti cha mnoaji na ujira wake. Na tajiri akikataa?

"Nakwenda na baba," anasema Shagufta, mikono kiunoni. "Nitamwambia, bosi, mtazame mzee huyu jicho la kulia, kisha unitazame mimi usoni uniambie sijui kunoa."