Mstari wa Samaki

Fundi Kioo alikuwa hajaimba tangu akiwa darasa la tatu, na hapo sijatia chumvi. Hakuimba harusini, hakuimba msibani, hakuimba hata bafuni, mahali ambapo kila mwenye sauti ya chura hujiona mwimbaji. Akijikuta katikati ya watu wanaoimba, alifungua mdomo na kuufunga pamoja nao, akatikisa kichwa panapotikiswa kichwa, na kisitoke kitu isipokuwa hewa. Kazi hiyo aliifahamu vizuri sana. Ungesimama bega kwa bega naye wimbo mzima usijue kwamba umeimba peke yako.

Chanzo chake kilikuwa kidogo tu. Mwalimu wao wa kwaya, mama mpole aliyependwa na watoto wote, alipita mstarini akimtegea sikio kila mtoto. Alipofika kwake alisimama, akasikiliza tena, akainama na kumnong'oneza kwa upendo kabisa, "Mwanangu, wewe nenda mstari wa nyuma ukawe samaki." Samaki, kwa lugha ya kwaya ya shule, ni mtoto anayechezesha midomo bila kutoa sauti, ili kwaya ionekane kubwa na wimbo usiharibike. Mwalimu alisema hivyo akaendelea na shughuli zake, na nadhani kabla ya kengele ya kutoka alikwisha sahau. Mtoto hakusahau. Ndiyo maana wakasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, ila waliosema hivyo walikuwa wanamwonea huruma mwenye ulimi. Mimi namwonea huruma aliyesimama mbele yake.

Basi akakua, akajifunza kukata vioo vya madirisha, akaoa, akapata watoto. Kibandani kwake palikuwa na meza pana iliyotandikwa blanketi kuukuu, rula ndefu ya mbao, kikatio chenye gurudumu dogo na kopo la mafuta ya kulichovya. Mteja wake mkubwa alikuwa shule ya msingi ya mtaani, alikosoma binti yake mkubwa, kwa sababu uwanja wa mpira ulikuwa umepakana na madarasa. Wazazi wengine waliomba timu ya shule ishinde. Yeye aliomba tu wachezaji wasijifunze kulenga.

Huyo binti yake alikuwa mtoto wa maneno machache. Ukimuuliza umeshindaje, alikujibu kwa bega. Umekula, bega. Kuna nini shuleni, mabega yote mawili. Kwa hiyo jioni ile alipoingia kibandani na kutamka sentensi nzima, fundi alishtuka hata kikatio kikamteleza na kioo kikapata mchirizi usiotakiwa.

"Baba, nimechaguliwa kuongoza."

"Kuongoza nini?"

"Wimbo. Siku ya tamasha."

Tamasha lilikuwa wazo la mwalimu mkuu, aliyechoka na wazazi wanaofika shuleni siku ya matokeo tu kuuliza mtoto kawa wa ngapi. Alitenga siku nzima ya mbio, kuvuta kamba, michoro, maigizo na nyimbo, na akapiga marufuku mzazi yeyote kutaja alama siku hiyo. Fundi aliposikia alisema ni jambo zuri. Kisha binti akamaliza habari yenyewe, kwamba wazazi wa darasa lake watapanda jukwaani na kuitikia.

"Mimi nitakuja kukusikiliza," fundi akasema.

"Siyo kunisikiliza, Baba. Kuitikia. Kina mama wana kiitikio chao na kina baba wana chao. Wimbo tumetunga wenyewe."

"Mama yako anaimba vizuri. Anatosha."

"Mama hawezi kuwa baba." Binti alikuwa anaangalia vipande vya vioo chini. "Kiongozi asipoitikiwa anaonekana mwehu. Anauliza watu, watu hawajibu. Ikinitokea hivyo, Baba, mimi siimbi tena. Siyo hapa tu. Popote."

Mtu mwingine angesema ni deko la kitoto. Fundi Kioo aliweka kikatio chini, kwa sababu alimjua mtu mmoja aliyewahi kuapa hivyo na akakitimiza kiapo chake.

"Nitaitikia," akasema.

Mazoezi yalifanyika darasani, kina baba wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika videvuni. Aliwakuta karani wa posta, dereva wa lori, muuza magodoro na wengineo, na mwoka mikate wa mtaani, mwanamume mwenye kifua kipana kama mlango wa ghala. Fundi alikimbilia kukaa ubavuni mwa huyo. Kifua kile, alijiambia, kitaimba kwa niaba ya wawili. Mwalimu wa muziki, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, alikuwa akisimama katikati yao na kuimba nao kwa nguvu zake zote. Darasa lilijaa sauti. Fundi alichezesha midomo, akatikisa kichwa, akatoka amesifiwa. Penye wengi hapaharibiki neno, na yeye aliona hapajulikani hata asiyesema neno.

Akalala usingizi mzuri. Ahadi aliyompa mtoto alihesabu ameitimiza, kwa kuwa mtoto ataona baba yake anaimba. Angejua, wala asingesinzia.

Siku ya tamasha ilipofika watoto walikimbia, wakaanguka, wakaigiza walimu wao hadi walimu wakaficha nyuso. Halafu kikaja kuvuta kamba, walimu dhidi ya darasa la saba. Mwalimu wa muziki ndiye aliyekuwa nanga ya upande wa walimu, mkia wa kamba amejizungushia kiunoni, anapiga kelele za kuwahimiza wenzake kama mtu anayeibiwa. Walishinda. Mwalimu alibebwa juujuu, naye akazidi kupiga kelele. Ulipofika wakati wa nyimbo alipanda jukwaani, akafungua mdomo kuwapanga wazazi, na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo. Akajigusa koo, akacheka bila sauti, akawaonyesha kina baba dole gumba, kwamba ninyi mnauweza.

Binti akasogea mbele. Ngoma ikaanza. Fundi alidhani anamjua mtoto huyu, mtoto wa mabega, na sauti iliyotoka ikamfanya amtazame mara mbili kama kweli ni wake. Ilikuwa imenyooka, haina woga, inafika hadi kwenye ukuta wa choo cha mbali.

"Mama zetu, mko wapi?"

"Tuko hapa, tuko nanyi," kina mama wakajibu, na mke wa fundi alisikika kuliko wote.

"Baba zetu, mko wapi?"

Kimya.

Si kimya cha watu waliochelewa kuanza. Ni kimya kitupu, na ngoma inaendelea kupigwa juu yake. Fundi alikuwa ameuachia mdomo wake ufanye kazi yake ya siku zote, akingojea sauti ya kifua cha jirani imfunike. Haikuja. Akageuza macho. Mwoka mikate alikuwa ameachama mdomo mzima, meno yote nje, shingo imetuna, anaimba kwa hisia kali, na hakuna hata chembe ya sauti. Akatazama upande wa pili. Karani wa posta, midomo inacheza. Dereva, inacheza. Muuza magodoro alikuwa amefumba macho kabisa kwa utamu wa wimbo asiouimba. Mstari mzima ulikuwa wa samaki.

"Baba zetu, mko wapi?" binti akarudia.

"Wamesafiri," mtoto mmoja akapaza sauti kutoka kwa watazamaji, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Fundi hakucheka. Alikuwa ameona bega la binti yake linaanza kupanda, lile bega la nyumbani, na akajua likifika juu halitashuka tena. Mtoto aliita mara ya tatu, na safari hii sauti ilikuwa nyembamba, imeelekea chini kwenye mbao za jukwaa. Hakuna atakayejua fundi alifikiri nini, kwani mwenyewe anasema hakufikiri kitu. Alishtukia kifua kinauma na mdomo umekwisha funguka.

"Tuko hapa."

Sitamsingizia uzuri. Ilikuwa sauti mbaya. Ilitoka kama kabati linaloburutwa sakafuni, ikaanguka mbali sana chini ya wimbo, ikapinda, ikakwama kwenye neno la mwisho. Yule mwalimu wa zamani wa kwaya, popote alipo, alikuwa na masikio mazuri. Watoto walicheka hadi wengine wakajitupa kwenye nyasi. Kwenye mstari wa kina mama, mkewe aligeuka, mkono mdomoni. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka yote hiyo na sauti ile hakuwahi kukutana nayo.

Binti naye aligeuka. Alimkodolea baba yake macho, midomo imeachana, na mpiga ngoma akaacha kupiga kwa kutojua afanye nini. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Nimemuua mwanangu kwa mkono wangu, alijiambia. Bora kimya kingebaki kimya.

Mtoto akarudi mbele. Akaanza upya, na wote walioujua wimbo wakashangaa, maana hakuanzia pale alipofundishwa. Aliishusha sauti chini, chini kabisa, akaipeleka palepale ya baba yake ilipoangukia. Huko chini haikuwa sauti nzuri tena. Ilikuwa nzito na ya kukwaruza, kama mtoto aliyevaa koti la mtu mzima. Kina mama walihangaika kumfuata, wakampata.

"Baba zetu, mko wapi?"

"Tuko hapa," fundi akajibu, machozi yanamtoka bila aibu, na ubavuni mwake akasikia kitu kinapiga mluzi kama birika. Alikuwa mwoka mikate. Kile kifua chote kilibeba kisauti hicho tu, chembamba kama cha mtoto mchanga, nacho kilikuwa kinajibu. Kisha karani. Kisha dereva, aliyekuwa anafuata wimbo wake mwingine kabisa. Walijibu hadi mwisho, kila mtu na njia yake, na hakuna aliyesema tena wamesafiri.

Waliposhuka, mwalimu wa muziki aliwakusanya nyuma ya darasa. Alikuwa bado haelewi.

"Mazoezini mlikuwa mnaimba vizuri," akanong'ona kwa tabu.

"Ulikuwa unaimba wewe, mwalimu," karani wa posta akasema.

"Mimi niliambiwa niwe samaki," mwoka mikate akasema taratibu. "Nikiwa mdogo. Waliniambia mwili mkubwa halafu sauti ya kifaranga, nitachekesha watu."

"Hata wewe?" fundi akamuuliza, na dereva akauliza hivyohivyo kwa wakati mmoja.

Mwalimu aliwatazama wote kwa zamu. Halafu macho yake yakaondoka kwao taratibu, yakaenda jukwaani, ambako kwaya ya shule, binti wa fundi akiwa mstari wa mbele, ilikuwa inajipanga kwa wimbo wa kufunga. Mstari wa nyuma wa kwaya ile aliupanga yeye mwenyewe, kwa upole, mtoto mmoja mmoja, kwa neno lilelile. Aliondoka akaenda kusimama mbele ya kwaya, akainua mikono, na ikaonekana wazi kwamba hajui aseme nini, hata kama angekuwa na sauti ya kusemea.

Kabla mikono haijashuka, binti wa fundi alitoka nafasi yake ya mbele, akapita pembeni hadi mstari wa nyuma, akawainamia wale watoto na kuwaambia jambo. Walitikisa vichwa kukataa. Akawaambia tena, akinyoosha kidole walikosimama wazazi. Kisha akarudi.

Wimbo wa kufunga uliharibika. Uliharibika tangu mstari wa kwanza, kwa sauti tatu nne zilizokuwa zinapishana na nyingine kama milango isiyotiwa mafuta. Mwalimu mkuu alimtazama mwalimu wa muziki akingoja akemee. Mikono ya mwalimu wa muziki iliendelea kwenda juu na chini, na hakuwasimamisha.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mama mbele na mtoto mdogo mgongoni, fundi na binti nyuma yake. Fundi alitafuta namna ya kuomba radhi, hakuipata, akauliza jingine.

"Wale wa nyuma uliwaambia nini?"

Bega.

"Niambie, mwanangu."

"Niliwaambia waimbe. Wakasema wataharibu, watu watawacheka." Alitembea kidogo. "Nikawaonyesha wewe. Nikawaambia, yule ni baba yangu, mmemsikia wenyewe. Kama yule ameimba, nani kati yenu ana sababu ya kunyamaza?"