Heliamu Iliyobanwa

Wiki tatu sikulala vizuri, na sababu ilikuwa elektroni. Kazi yangu ya kumaliza lisansi, shahada ya chuo kikuu, ilihusu nyota kibete nyeupe, yale mabaki ya nyota ambayo moto wake umekwisha na sasa yanapoa tu, hasa yale yaliyofunikwa na heliamu tupu. Niliandika kwamba heliamu ikishapoa haiachii elektroni zake, na pasipo elektroni huru gesi haizuii mwanga. Joto hupenya, nyota hupoa haraka. Nilikuwa nimetumia kanuni ya gesi nyepesi. Profesa wangu alifurahi, akaniahidi nafasi ya asistanti, yaani mwalimu msaidizi. Kisha uasi ukafunga njia ya kurudi chuoni, nikakwama Uvira kwa dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, na kopi moja ya kazi hiyo na muda mwingi mno wa kuisoma upya.

Nyumba ilijaa jamaa waliokimbia vita kijijini Makobola, wote katika vyumba viwili. Asubuhi moja mtoto alilia, wanawake watatu wakanyoosha mikono, naye akamwendea aliyekuwa karibu, si mama yake. Katika msongamano ule mtoto hakushikiliwa na mama mmoja, na elektroni nayo haishikiliwi na atomu moja. Heliamu yangu haikuwa nyepesi hata kidogo. Kwenye nyota ile imebanwa hadi kukaribia uzito wa maji, na atomu zikisongamana hivyo elektroni hung'oka bila kungoja joto, kisha huzuia mwanga. Nyota zangu zilipoa polepole kuliko nilivyodai. Umri niliozipa ulikuwa mdogo.

Labda kosa lilikuwa dogo. Labda hakuna atakayeliona. Nilipiga hesabu upya mara nne, nikachoka, kosa likabaki palepale.

Nilimweleza dada, muuza vitenge wa Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, akiwa anafunga mzigo wake. Akauliza kama profesa anajua. Nikasema hapana.

"Na ile nafasi ya kazi ni moja?"

"Moja tu, yaya."

"Basi nyamaza, ao sema. Lakini usitembee-tembee mu nyumba sawa kuku yenye inatafuta fasi ya kutaga."

Siku chache baadaye padri mmoja aliniletea barua iliyopitia Bujumbura, ng'ambo ya mpaka. Profesa alinisalimu, akasema wanafunzi wapya wameanza kutumia jedwali langu la umri wa nyota.

Nilimwandikia kurasa mbili: kosa liko wapi, jedwali lisitumike, na asinishikie ile nafasi ya asistanti kwa ajili ya kazi yenye kosa. Nilivuka mpaka pamoja na dada, nikanunua stempu posta ya Bujumbura, nikaitumbukiza bahasha kabla sijapata nafasi ya kuifungua na kuisoma tena.