Mwaka Nilipoinyoa Mipinki

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwagilia mbegu mpaka zikaelea. Kilikuwa kitalu cha miti kule Masieda, nami nilikuwa msichana mwenye nguvu aliyezoea kujaza maji hori la ng'ombe. Bwana Misitu, mkuu wetu, alilitazama tuta langu lililogeuka tope, akauliza, "Binti, hapa tunamwagilia miche au tunanywesha mifugo?"

Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Chukua keni yenye matundu madogo, anza upya."

Ninyi vijana mnaonunua miche kando ya barabara mnadhani inajiotea tu. Sisi tulisia mbegu kwenye tuta la mchanga, na mche ukitoa majani mawili tuliuchopeka, yaani tuliuhamishia kwenye kiriba, ule mfuko mdogo mweusi wa nailoni. Mizizi ikitoboa kiriba tuliikata. Kisha tulipunguza kivuli siku baada ya siku mpaka mche uzoee jua. Halafu kulikuwa na kusafisha. Kwa Bwana Misitu, kusafisha mti hakukuwa kufagia chini yake. Kulikuwa kuupogoa, kukata matawi kwa msumeno. Akisema "safisheni mstari ule," hakuna aliyeshika ufagio. Nilizeeka na neno hilo kwa maana hiyo moja, na ndilo lililoniponza.

Kwenye magonjwa hakuwa na huruma kabisa. "Mti mgonjwa hatuubembelezi," alisema. "Kata, choma, usiulize mara mbili."

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa upande wa Hanang, kijiji kimoja mbele ya Hirbadaw. Bwana Misitu alinipa mfuko wa mbegu nyepesi zenye mabawa kama ya kumbikumbi, akaniambia nizisie wiki hiyo hiyo kwa sababu hazikai. Mti wenyewe una jina refu la kitabuni. Kijijini waliuita mpinki, basi na mimi nikauita hivyo. Tuliupanda pande zote mbili za njia, kuanzia shuleni hadi kanisani, tukasubiri. Tulisubiri sana, hata wengine wakaanza kunitania kwamba nimewapandia kuni.

Mwaka ulipochanua sikuwa tayari. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, majani yote yamepukutika, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani. Sikuiona miti. Niliona rangi tu, imetulia hewani juu ya njia, na ng'ombe wakipita chini yake polepole huku maua yakiwatua mgongoni bila sauti. Nilisimama na keni mkononi mpaka maji yote yakanimwagikia miguuni. Nililia. Nilikuwa na furaha, basi.

Sherehe ilianza yenyewe, nadhani kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda shamba siku kama hiyo. Haikuwa na tarehe. Kila mwaka nilikagua vichomozo vya maua kwenye ncha za matawi, na baada ya ibada nilisema, "Jumamosi." Watu walikuja na kande, maziwa ya mgando, ngoma na kwaya mbili zisizoelewana. Desturi ilikuwa moja tu: ua likikuangukia, hulikung'uti mpaka ufike kwako. Jioni ungeona wazee na heshima zao zote wakirudi nyumbani na maua ya pinki kwenye kofia, wanatembea taratibu kama watu waliotoka usingizini.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwaka mmoja mwenyekiti wa kamati ya sherehe, mwenye duka mmoja mwenye haraka zake, alinipigia simu. "Mama, mgeni rasmi ni Bwana Misitu, siku hizi ni mkubwa mkoani. Safisha miti yote kabla hajafika."

Nilishangaa, maana vichomozo vilikuwa vimeshatoka. Lakini jina la Bwana Misitu na neno kusafisha katika pumzi moja! Nikaamini ni agizo lake. Nikachukua vibarua wawili na misumeno, tukapogoa kwa siku mbili. Mti wa mwisho ulikuwa mlangoni kwa Bibi Emiliana, na yeye alikuwa amekaa chini yake.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Bibi."

"Mbona mmenyoa miti yote? Huu wangu hauna msiba. Pita."

Nikapita. Mwenyekiti alipofika akashika kichwa. "Mama! Nilisema ufagie!" Alipotulia akaninong'oneza, "Utasema ilikuwa na wadudu, ndiyo maana ukakata. Ukisema umekosea, kazi huna."

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inasomesha wanangu. Lakini nilimjua Bwana Misitu. Nikimwambia wadudu, atakata mashina na kuchoma, na hatauliza mara mbili.

Siku ya sherehe kijiji kizima kilibanana chini ya mti mmoja. Mgeni rasmi alikalishwa kwenye kigoda karibu na Bibi Emiliana, na magoti yao yaligusana. Maua yakawaangukia wote. Kwaya ziliimba kwa sauti ya chini, kwa kukosa nafasi ya kupanua mikono. Kisha Bwana Misitu akatazama ile njia tupu, akauliza, "Na ile miti imepatwa na nini? Wadudu?"

Mwenyekiti akanikazia macho. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

"Hapana, mzee. Ni mizima. Niliambiwa nisafishe, nikaisafisha."

"Neno hilo nilikufundisha mimi," akasema Bwana Misitu. "Lakini macho nilikuachia yako."

Barua ya onyo ilikuja baada ya wiki mbili, na sahihi ya Bwana Misitu chini: nimepogoa miti mizima, isiyo na ugonjwa wowote, wakati wa kuchanua. Kazi sikufukuzwa. Nilirudishwa Masieda, mbali na mipinki yangu, na iliniuma. Mwaka uliofuata niliambiwa kwa simu kwamba yote imechanua.

Nilipostaafu, afisa utumishi, binti mpole, alipitia jalada langu akakuta ile barua. "Mama, hii ni ya zamani. Naweza kuitoa, uondoke na jalada safi."

"Iache, mwanangu," nikamwambia. "Ndiyo karatasi pekee ya serikali inayosema ile miti haina ugonjwa."